Ameungua na maji ni ndoo moja: dalili, chanzo na la kufanya

Ngozi iliyoungua huendelea kuiva hata baada ya sufuria kuondolewa. Joto limekwisha kuingia na linazidi kushuka chini. Nyumbani, kitu cha kulitoa ni maji ya baridi ya kawaida, yapite juu ya jeraha kwa dakika 20. Faida kubwa iko dakika za mwanzo, lakini haiishi hapo: ndani ya saa 3 tangu mtu aungue, maji bado yanasaidia. Mtoto aliyeletwa kutoka shambani muda mrefu baada ya ajali bado amwagiwe.

Shida yetu Dodoma inajulikana. Mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki vijiji vingi vya Bahi, Chamwino na Kongwa huishi kwa dumu la lita 20 lililofuatwa mbali au kununuliwa. Hata mjini kuna mitaa inayopata maji kwa mgawo. Mama mwenye dumu moja la kupikia na kunywa hulionea uchungu kulimwaga chini, naye hushika kilicho karibu: dawa ya meno, unga, mafuta. Kwa hiyo naanza na maji, kisha nafuata dalili nyingine.

Maji hayatoshi

Lita 20 zinatosha. Chukua jagi la lita moja, mimina polepole juu ya jeraha, jagi moja kwa dakika moja. Dumu zima litamaliza dakika 20. Weka beseni safi chini ya mkono au mguu ulioungua, na maji yaliyodondoka uyachote tena maadamu hayajapata moto wala uchafu. Kwa njia hiyo hata nusu ya dumu inafika. Si lazima maji yaende kwa kasi, ila yapite.

Kama jeraha ni pana kuliko maji uliyonayo, loweka khanga safi, ikamue kidogo, ilaze juu, na kila baada ya dakika moja au mbili ibadilishe kwa nyingine iliyolowekwa. Khanga iliyokaa juu ya jeraha hupata joto na kuacha kupoza. Uso, mikono na viungo vinavyokunja, kama kiwiko na goti, vipate maji kwanza.

Maji ya kisima yenye chumvichumvi, yale watu wanayoogea, yanafaa. Maji ya lambo yenye tope yasigusane na ngozi iliyochubuka. Yatie kwenye mfuko wa nailoni usiovuja, ufunge, uuweke juu ya kitambaa safi kilichofunika jeraha. Barafu usitumie, wala chupa iliyogandishwa, kwa sababu huua ngozi iliyokuwa bado hai. Maji ya mtungi yana ubaridi unaofaa.

Ikibidi usimame katikati ili kumtuliza mtoto au kutafuta maji mengine, simama, halafu endelea.

Unammwagia, lakini kilio kinazidi

Gusa maji yenyewe. Oktoba na Novemba, bomba la plastiki lililolala juu ya ardhi na tangi jeusi lililoko juani hutoa maji ya moto. Yaache yatoke mpaka yapoe, au chota ya ndani.

Kisha angalia nguo. Nepi ya mtoto iliyolowa chai hushikilia moto kwenye mapaja, na soksi na sweta hufanya vilevile. Vua vyote haraka huku ukiendelea kumwaga. Nguo iliyoyeyuka na kugandamana na ngozi usiibandue: kata kwa mkasi kuizunguka, iliyoganda iache hapo hospitali waitoe.

Sababu ya tatu ni chakula chenyewe. Mlenda, uji mzito na ugali hung'ang'ania ngozini na kubaki na moto muda mrefu kuliko maji yaliyochemka, ambayo hutiririka na kupoa. Ndiyo maana uji wa mtoto huacha jeraha la kina kuliko mtu anavyotarajia. Uoshe utoke wote, usiufute kwa kusugua. Mafuta ya kukaangia ni mabaya zaidi: maji yanachemka kwenye nyuzi 100, mafuta ya alizeti kwenye karai la chipsi yanafika karibu nyuzi 180, tena yanateleza na kusambaa. Hapo dakika 20 zisipunguzwe hata moja.

Kama hakuna chakula wala nguo na bado panachoma vilevile, uliza alikuwa ameshika nini. Huenda ni kemikali, nayo ina sehemu yake hapa chini.

Ngozi haijawa nyekundu, je, ameungua kweli?

Mabango na vitabu vingi huandika "ngozi huwa nyekundu". Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Jeraha la juujuu hufanya ngozi iwe nyeusi zaidi au yenye zambarau kidogo, ya moto ukigusa, inayouma, isiyo na malengelenge. Hilo hupona ndani ya wiki moja.

Malengelenge yakitokea, moto umeshuka tabaka la pili. Lengelenge likipasuka lenyewe chini yake pana rangi ya waridi, panang'aa kwa unyevu na panauma sana. Maumivu hayo ni habari njema kiasi: mishipa ya fahamu ipo hai, na jeraha la namna hii, likitunzwa, huziba kwa takriban wiki mbili. Lengelenge usilitoboe. Ile ngozi ya juu ni kifuniko bora kuliko chochote ulicho nacho ndani ya nyumba.

Kuna kipimo kidogo cha kusaidia. Bonyeza kwa kidole kisafi sehemu iliyoungua, kisha achia. Rangi ikififia na kurudi upesi, damu inapita na jeraha ni la juu. Isipobadilika kabisa, jeraha ni la kina.

Jeraha kubwa, lakini anasema haumi

Hii ndiyo dalili inayowadanganya watu wengi kuliko zote. Mtu amekaa kimya, anajibu maswali, na ngozi yake ni nyeupe kama nta, au kijivu, kahawia, nyeusi, imekauka kama ngozi ya ngoma. Ndugu wanashukuru kwamba hakuumia sana. Ukweli ni kwamba moto umeua hata mishipa ya maumivu. Jeraha hilo haliwezi kuziba lenyewe isipokuwa likiwa dogo sana. Linahitaji daktari wa upasuaji na pengine kupandikizwa ngozi. Mpoze, mfunike, mpeleke siku hiyohiyo.

Vidole vinavimba, pete haitoki

Uvimbe huanza mapema, na kitu chochote kilichozunguka kiungo hugeuka kamba inayokata damu. Toa pete, bangili na saa mara tu maji yanapoanza kumwagika, usingoje ziwe ngumu. Kwa watoto wetu kuna pia shanga za kiunoni na uzi wa hirizi mkononi au mguuni. Mwombe mzazi ruhusa, kata uzi, mkabidhi mkononi mwake. Nimeona wazazi wakikubali bila ubishi wanapoelezwa kwamba uzi unaweza kumkosesha mtoto kidole.

Jeraha lililozunguka mkono, mguu au kifua mzima mzima ni la hospitali, hata kama vidole bado vina joto.

Anatetemeka, amelegea, ana kiu kali

Inaweza kuwa baridi tu. Mtoto mchanga aliyemwagiwa maji nje, asubuhi ya Juni au Julai upepo wa Dodoma ukivuma, hupoa mwili haraka. Mwagia jeraha peke yake na mwili mwingine uufunike kwa blanketi kavu. Midomo ikibadilika rangi au akisinzia, acha kumwagia, mkaushe, mfunike, ondokeni.

Lakini inaweza kuwa maji ya mwili yanapotea kupitia jeraha. Pima ukubwa kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole: kiganja kimoja ni karibu asilimia 1 ya mwili wake. Kwa mtoto tumia kiganja cha mtoto, si chako. Hesabu sehemu zenye malengelenge au zilizoiva zaidi. Palipobadilika rangi tu usipahesabu. Mtoto akifika viganja 10, au mtu mzima 15, anahitaji dripu na kila saa ina thamani. Kama safari ni ndefu, yuko macho kabisa na hatapiki, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS) kwa mafundo madogo, na ukifika mwambie muuguzi alikunywa kiasi gani na saa ngapi.

Sauti imekauka baada ya moto wa ndani ya nyumba

Nyumba ya tembe au chumba kilichofungwa hushika moshi. Masizi puani au kwenye mate, vinyweleo vya pua vilivyoungua, sauti ya kukwaruza, kupumua kwa kukoroma: koo linavimba kwa ndani, na linaweza kuziba baada ya saa chache hata kama nje hana jeraha. Mkalishe wima, msimlaze chali, na hapa msisubiri dakika 20 ziishe. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Jiko la mkaa linaloingizwa ndani usiku wa baridi huleta pia sumu isiyo na harufu. Mtu mwenye kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu atolewe nje kwanza, hewani.

Nguo zimeshika moto

Asikimbie. Alale chini, abiringike, nawe mfunike kwa blanketi zito au gunia lililoloweshwa. Karai la mafuta likiwaka usilimwagie maji, kwani moto utaruka mpaka darini. Funika kwa mfuniko au sinia na uzime jiko.

Petroli huwaka kwa mvuke wake kabla yenyewe haijagusa moto. Barabara ya Morogoro hadi Dodoma na kuendelea Singida hupita malori ya mafuta usiku na mchana. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori lilipinduka, watu wakasogea kuchota, na zaidi ya 100 walipoteza maisha. Lori la mafuta likianguka, kaeni mbali na muwazuie watoto.

Mtu wa kifafa ameangukia mafiga na watu wamesimama mbali

Mvute atoke motoni sasa hivi. Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa povu wala kwa kumgusa aliyeanguka. Wapo wagonjwa ambao wameungua hadi mfupa huku majirani wakiogopa, na hakuna sababu yoyote ya hilo kutokea tena. Mtoe, mlaze ubavu, mmwagie maji sehemu iliyoungua hata kama degedege halijaisha, ila usimtie kitu chochote mdomoni. Jeraha lake mara nyingi ni la kina kwa sababu hakuweza kujiondoa, basi aende hospitali. Wakati huohuo aulizwe kuhusu dawa zake za kifafa, na nyumbani mafiga yainuliwe au yazungushiwe ukuta mdogo wa udongo.

Alama mbili ndogo baada ya kupigwa na umeme

Kabla ya kumgusa, zima swichi kuu karibu na mita ya LUKU. Waya ulioanguka kutoka nguzoni usiukaribie kabisa. Piga simu TANESCO na uzuie watu.

Umeme huingia mahali pamoja na kutokea pengine, na katikati yake misuli na moyo vimepitiwa. Ngozi inaweza kuonyesha nukta moja mkononi na nyingine mguuni, basi. Mpeleke hata kama anatembea. Mkojo ukitoka wa rangi ya chai nyeusi, misuli imeharibika na figo ziko hatarini: waambie wauguzi mara tu mnapofika.

Panachoma polepole, na hakuna moto uliomgusa

Tangu serikali ihamie Dodoma, ujenzi haujasimama Mtumba, Ihumwa na Nkuhungu, na saruji mbichi huunguza. Fundi hupiga magoti kwenye zege, au zege huingia ndani ya buti. Jioni ndipo anahisi panawasha, kesho yake ngozi imeliwa. Chanzo ni ukali wa saruji ikishalowa. Vua buti na suruali, osha kwa maji mengi.

Chokaa kavu na unga wa saruji ni tofauti kidogo: kwanza upanguse ukiwa mkavu, kwa kitambaa au brashi, ndipo uoshe, kwa sababu chokaa ikikutana na maji kidogo hutoa joto kali. Maji ya betri na kostiki inayotumika kutengeneza sabuni huoshwa papo hapo kwa maji yanayotiririka, si chini ya dakika 20, na kostiki hata zaidi. Hapa maji ya beseni yasirudishwe, maana yamebeba kemikali. Usijaribu kuvunja asidi kwa magadi wala kostiki kwa ndimu. Jicho lioshwe kuanzia upande wa pua kwenda nje, ili uchafu usiingie jicho la pili, kisha safari ya hospitali ianze bila kungoja kesho.

Tayari wamempaka kitu

Orodha ninayoijua ni ndefu: dawa ya meno, yai bichi, unga wa ngano, samli, majivu, tope, manyoya ya sungura, dawa ya bluu. Nyingine hufungia joto ndani, nyingine huingiza vijidudu. Manyoya huganda jerahani na kung'olewa baadaye kwa maumivu makali. Dawa ya bluu hupaka rangi juu ya jeraha, daktari akashindwa kuona kina chake. Kama bado mko ndani ya zile saa 3, mwagia maji, na vinavyotoka vitoke vyenyewe. Usikwangue.

Asali inastahili neno la peke yake kwa sababu mikoa yetu ya kati ni ya warina asali. Kuna asali iliyosafishwa kitabibu ambayo hospitali hutumia kwenye vidonda, na inafanya kazi. Asali ya kopo la sokoni haijaondolewa vijidudu, na hata iliyosafishwa haichukui nafasi ya maji.

Mara nyingi mwenye kushikilia dawa hizi ni mtu mzima wa heshima, na ugomvi hula dakika zinazohitajika. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Msimtie maji huyo, maji yanaleta malengelenge."

"Bibi, malengelenge yameshaletwa na uji. Maji yanautoa moto uliobaki ndani. Tusaidie kushika beseni, tummwagie dakika ishirini tu, ya dawa tutayaongea baadaye."

Bibi aliyeshika beseni amekuwa upande wa mtoto, na dakika 20 zikiisha kilio kimepungua mbele ya macho yake.

Mmemaliza kumwagia: mfunike na nini?

Nailoni ya kufungia vyakula, ile safi ya dukani, ilazwe vipande vipande juu ya jeraha, isizungushwe kwa kubana. Kwa mkono au mguu, mfuko mpya wa nailoni unatosha. Kama hakuna, khanga iliyofuliwa na kupigwa pasi. Pamba isiguse jeraha, wala blanketi lenye manyoya. Panadol kwa kipimo cha umri inasaidia. Aspirini kwa mtoto hapana.

Zahanati inatosha kwa lengelenge dogo kuliko kiganja cha mgonjwa, mahali pasipo hatari: watasafisha, watafunga, wataangalia chanjo ya pepopunda. Nenda hospitali kwa jeraha la uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au kiungo kinachokunja. Kwa umeme, kemikali na moshi. Kwa mtoto chini ya miaka 5, mzee, mjamzito, mwenye kisukari au kifafa. Mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Upande wa Chamwino ipo Mvumi, na kwa watu wa Manyoni ipo Mtakatifu Gaspar, Itigi. Aliyezidiwa asizungushwe kutafuta barua ya rufaa. Aliyechomwa na mtu atahitaji fomu ya polisi, PF3, lakini matibabu yaanze, fomu ifuatwe na ndugu mwingine. Mikono ya mtoto iliyoungua yote miwili kwa mstari ulionyooka, kana kwamba amevaa glavu, mara nyingi si ajali. Mhudumu aambiwe, na namba 116 ipo kwa ajili ya watoto.

Siku ya tatu jeraha linanuka

Majimaji ya njano mepesi siku za mwanzo ni ya kawaida. Usaha wa kijani, harufu, ngozi ya pembeni kuvimba na kupata moto, maumivu yanayorudi baada ya kupungua, homa: vijidudu vimeingia, rudi kituoni leo. Kwa mtoto mdogo kuna hatari nyingine ambayo hata jeraha dogo huileta, kwa kawaida siku ya 2 hadi ya 4: homa ya ghafla, upele, kutapika, kuhara, kulegea. Huyo ni wa hospitali usiku huohuo.

Jeraha linapona, lakini kidole hakinyooki

Mgonjwa hukunja kiungo kwa sababu kukunja hupunguza maumivu, na kovu likikomaa humshikilia hapohapo. Vidole huungana, kidevu hushuka kifuani, kwapa hufunga. Jeraha lisilofunga baada ya wiki 3 ndilo linaloelekea huko, kwa hiyo wiki ya 3 ikipita bila kuziba ombeni kuonana na daktari wa upasuaji.

Wakati wa kufunga, kila kidole kiwekewe shashi yake. Mkono ulale umenyooka usiku, shingo isiwekewe mto. Mpe panadol, subiri nusu saa, kisha nyoosha kiungo taratibu mpaka mwisho wake, mara kadhaa kwa siku, hata mtoto akilia, na muendelee kwa miezi kadhaa baada ya ngozi kufunga. Ngozi mpya huwasha na kukauka. Ipakwe mafuta mepesi yasiyo na manukato na ikingwe na jua kwa mikono mirefu au kofia.